Rumeti amelala na kodi, sasa landilodi ananikujia mimi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni ajenti mdogo tu, nakusanyia wenyewe kodi ya maploti kadhaa hapa Nakuru upande wa Kiamunyi na kule Njoro karibu na Egerton, na dadangu anafanya kazi hiyohiyo Kisumu, Nyamasaria na Mamboleo. Maswali haya yanaanza kuingia kwa simu kila mwezi kuanzia tarehe sita hivi, siku moja baada ya dedilaini ya kodi, na yanafanana kiasi cha kwamba nimeamua kuyaandika mara moja nikiulizwa niwe natuma tu. Mimi si wakili. Kesi yako ikiwa kubwa au ikiwa na mambo ya kusainiwa usiyoelewa, tafuta wakili au uulize pale kortini.

Tulikuwa wawili, mwenzangu hajalipa nusu yake. Landilodi anaweza kunidai mimi yote?

Mara nyingi ndio, na hapa ndipo watu wengi hukasirika na mimi. Mtu anakuja na elfu saba yake mkononi anasema "mimi nimemalizana, huyo mwingine mfuate mwenyewe". Lakini landilodi hakukodisha nusu ya nyumba, alikodisha nyumba moja kwa elfu kumi na nne, na habari ya nani analala chumba gani na nani analipa ngapi ni makubaliano yenu nyinyi wawili ambayo yeye hata hakuwepo mkiyafanya.

Kwa hivyo kuna madeni mawili hapo na usiyachanganye. Kuna deni la nyumba, ambalo landilodi anadai, na kuna deni la rumeti, ambalo wewe ndio unadai. La kwanza linaweza kukutoa kwa nyumba. La pili litakuchukua muda na haliwezi kukutoa popote. Ukianza kupigana na rumeti kabla hujaongea na landilodi unajikuta mwezi wa pili uko nje na bado hujalipwa.

Sasa nani anadaiwa la kwanza inategemea ni nani amesaini. Kama nyinyi wote mlisaini agrimenti moja, na hasa kama imeandikwa kwamba mnawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, landilodi ako na ruhusa kumchagua yeyote kati yenu amdai yote, na atachagua yule anapatikana kwa simu na ako na kazi. Kama ni wewe pekee ulisaini, wewe ndio mpangaji na huyo rumeti machoni pa landilodi ni mgeni wako tu. Kama ni yeye pekee alisaini na wewe ulikuja baadaye na begi, kisheria landilodi hana mkataba na wewe, deni si lako, lakini pia huna pa kusimama akisema nyumba ifunguliwe wengine. Hio ya mwisho watu huisherehekea haraka sana. Usisherehekee.

Kuna maploti ambayo agrimenti inaandikwa kwa chumba, kila mtu na karatasi yake na kodi yake, jikoni na choo ndio mnashare. Hapo kila mtu abebe msalaba wake. Ziko hosteli nyingi za hivyo huko Njoro na Maseno, kwa hivyo soma karatasi yako kabla hujaanza kulia.

Hatukuandikiana chochote, keateka (yule mwangalizi wa ploti) alitupatia tu ufunguo. Si basi hakuna mkataba?

Uko. Mkataba wa nyumba wa mwezi kwa mwezi unaweza kuwa wa mdomo. Kinachoangaliwa ni mlikuwa mkifanya nini: nani alilipa dipoziti, jina gani liko kwa kitabu cha kodi cha keateka, pesa zilikuwa zikitoka kwa simu ya nani kwenda kwa peibili (namba ya kulipia ya M-Pesa) ya nani na akaunti iliandikwa nini, ile "B7" au "door 12". Kama kwa miezi minane wewe ndio ulikuwa unatuma elfu kumi na nne yote na rumeti anakurudishia yako, pole, umejifanya mpangaji mkuu bila kusaini. Statement ya M-Pesa unaitoa kwa simu yako mwenyewe, *334#, fanya hivyo leo hata kama hakuna shida bado.

Nikilipa nusu yangu tu niache yake, nitakuwa sawa?

Hutakuwa sawa kabisa lakini utakuwa afadhali kuliko kutolipa chochote. Kuna vijana ambao rumeti akikosa kulipa nao wanashikilia yao, eti hawawezi kulipa peke yao wakionekana wajinga. Hio pesa inakaa kwa simu, simu ina Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, Fuliza inaikata, na ikifika tarehe kumi na tano hakuna nusu wala robo.

Lipa nusu yako moja kwa moja kwa peibili ya landilodi, usimpe rumeti, usimpe keateka keshi bila risiti, halafu palepale tuma meseji kwa landilodi au ajenti. Andika wazi: nimelipa 7,000 ya mwezi wa tano nyumba fulani, iliyobaki ni ya mwenzangu, naomba mpaka tarehe fulani nijue tunafanyaje. Mimi nikipata meseji kama hio tarehe nne, huyo mtu namvumilia. Yule ananikimbia kwa ngazi akiniona ndio namfuata.

Halafu uliza swali hili bila aibu: "ukikubali nusu, utaichukulia kama nusu yangu au kama kodi ya nyumba haijakamilika?" Landilodi wengi watasema ya pili, na ni haki yao, lakini wengine wanakubali kukutenganisha mkaandikiana upya. Kama ploti iko na bedsita wazi unaweza kuhamishiwa huko, deni la nyumba ya zamani likagawanywa kwa maandishi. Hii imetokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiria, juu landilodi anataka mpangaji anayelipa, hataki kesi.

Nilikuwa namtumia rumeti yangu yeye ndio alipe yote. Kumbe halipi. Sasa?

Hii ndio mbaya kuliko zote na ndio naiona sana, haswa kwa wanafunzi. Mmoja anajitolea "mimi nitakuwa nikilipa, nyinyi mnitumie", miezi miwili ya kwanza analipa vizuri, wa tatu anakopa kidogo akitegemea atarudisha, wa nne anaanza kuwatumia meseji ya M-Pesa aliyoiandika mwenyewe.

Meseji feki ziko na dalili. Ile ya kweli inaanza na namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi, kisha Confirmed, kisha kiasi, jina la anayelipwa, tarehe, saa, na salio. Nilionyeshwa moja na msichana wa Free Area ambayo kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa ilikuwa imetoka kwa namba ya kawaida ya 07 badala ya kuandikwa MPESA pale juu, na salio lilikuwa limeenda juu baada ya kulipa kodi. Kodi gani hio inakuongezea pesa? Lakini usijaribu kuwa mpelelezi, kuna njia fupi: mtumie landilodi ile namba ya muamala umuulize kama anayo kwake. Upande wake inaonekana hiyohiyo. Dakika mbili umejua.

Kwa landilodi bado unadaiwa, kwa bahati mbaya, kama uko kwa mkataba. Lakini kwa rumeti sasa una kitu kizito kuliko deni la kawaida, kwa sababu kuna pesa ulimpa kwa kazi maalum akaifanyia nyingine. Weka skrinshoti zote, zile za "tuma yako nilipe" na zile risiti feki, usizifute kwa hasira, na usimtumie kabla hujatoa nakala kwa simu ya mtu mwingine. Kwa polisi nitasema huko chini.

Si dipoziti iko? Wakate huko.

Dipoziti ni ya landilodi kushikilia mpaka mtoke. Kazi yake hasa ni uharibifu, rangi, sinki iliyopasuka, bili ya maji iliyobaki, na ndio, kodi ambayo haijalipwa mkihama. Lakini si benki yenu ya katikati ya mwaka. Landilodi akikubali kuila kama kodi atataka muijaze tena, kama hataki huwezi kumlazimisha isipokuwa agrimenti inasema.

Kitu kimoja ambacho watu husahau: nusu ya dipoziti ni ya rumeti. Akihepa akiacha deni la 14,000 na dipoziti yake ya 7,000 imekatwa kulipia deni hilo, unamdai 7,000, si 14,000. Ukienda kudai yote na dipoziti yake ikakuwa imelipa nusu, unapoteza heshima mbele ya yule anayeamua. Piga hesabu vizuri kwa karatasi kwanza.

Landilodi ameweka kufuli / ametoa mlango / amekata stima. Anaruhusiwa?

Hapana. Najua inafanyika kila kona, kutoka Rhonda mpaka Manyatta mpaka Lurambi, na najua keateka wengine hutembea na kufuli kama wengine wanavyotembea na leso. Bado si halali. Kumtoa mtu kwa nyumba ni kazi ya amri ya korti. Kudai kodi kuna njia yake, Sheria ya Kushika Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293: landilodi anamtumia dalali aliye na leseni, dalali anakuja mchana si usiku, anaandika orodha ya vitu, anawapa siku za kulipa, na hamjalipa ndio anabeba na kuuza. Hakuna mahali imeandikwa keateka na binamu yake wang'oe mabati.

Kama chumba chenu ni kile cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na viko bado vya hivyo Kaptembwo na Obunga, mko chini ya sheria nyingine kabisa, Sura ya 296, ambayo inalinda mpangaji hata zaidi na iko na mahakama yake maalum ya kodi za nyumba. Nyumba za juu ya hapo shida zake zinaenda kwa korti ya kawaida.

Ukifungiwa, piga picha ya hio kufuli na saa ionekane, tafuta jirani mmoja ambaye ataongea, ripoti kwa chifu au kituo cha polisi uandikiwe OB (ripoti kwa kitabu cha polisi), halafu mpigie landilodi mwenyewe. Wengi wa keateka wanafunga bila landilodi kujua. Na usivunje kufuli. Ukivunja, habari yote inageuka inakuwa ya wewe na kufuli, na deni la rumeti hakuna mtu atalikumbuka.

Madalali wakija watabeba na vitu vyangu hata kama mimi nimelipa?

Kama nyinyi wote ni wapangaji, wanaweza, kwa sababu ni nyumba moja na deni moja. Nguo za kuvaa zinalindwa, na pia kitu ambacho mtu anakitumia mkononi wakati huohuo, ndio maana kuna jamaa alikaa akichapa laptopu kuanzia asubuhi mpaka madalali wakaenda, hio hadithi mimi naiamini.

Kama wewe hukusaini, unaishi tu humo na unamlipa aliyesaini, uko na njia. Sheria hiyohiyo ya Sura ya 293 inaruhusu anayeishi chini ya mpangaji kuandika tamko kwamba vitu hivi na hivi ni vyangu, si vya aliyesaini, na kodi ninayodaiwa ni kiasi hiki na nitailipa kwa landilodi moja kwa moja. Unaweka orodha, unasaini, unampa landilodi na dalali. Risiti za friji na godoro zinasaidia hapo, kwa hivyo ile karatasi ya duka usiwashie jiko. Hapa ningekuambia utafute mtu wa sheria akuandikie, siku ni chache na lugha yake ni ya kortini.

Ameacha TV na godoro. Naweza kushikilia mpaka alipe? Naweza kuuza?

Usiuze. Wewe si landilodi na hata landilodi mwenyewe hauzi bila dalali. Ukiuza TV ya elfu kumi na tano kwa elfu sita kwa jamaa wa Kondele, rumeti anarudi anasema ilikuwa ya elfu thelathini na ilikuwa ya shangazi yake, sasa wewe ndio unadaiwa na umeongezewa neno mwizi.

Kinachofanya kazi ni kuandikiana. Akiwa bado anaongea na wewe mwambie aandike kwa meseji: "chukua TV yangu kwa elfu nane ya kodi, iliyobaki nitalipa tarehe fulani". Ikishaandikwa na yeye mwenyewe ni yako. Kama haongei, vitu vyake viweke pamoja, piga picha, mtumie, mpe tarehe ya kuvichukua, na umjulishe ajenti. Vikijaa nafasi vipeleke kwa ndugu yake kama unamjua.

Amehepa na simu hashiki. Namwandikia nini?

Watu wanaandika matusi kisha wanashangaa kwa nini amewablock. Meseji ya kwanza ya kudai iandike kama vile mtu wa tatu ataisoma siku moja, kwa sababu ataisoma. Iwe na nyumba gani, mlikubaliana nini, miezi gani, umelipa nini kwa niaba yake, unadai ngapi, mpaka lini. Hii nilimwandikia kijana mmoja wa Section 58 akaituma vilevile:

"Sasa. Hii ni kuhusu nyumba tuliyokuwa tunakaa Section 58. Tulikubaliana kila mtu 7,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu na wa nne hukulipa yako, nikalipa yote 28,000 kwa peibili ya landilodi, risiti ninazo. Kwa hivyo nakudai 14,000. Naomba unilipe kufikia tarehe 20 mwezi wa tano kwa hii namba. Kama huwezi yote mara moja niambie utaanza na ngapi na lini. Tukikosa kuelewana nitapeleka Korti ya Madai Madogo."

Akajibiwa baada ya dakika kumi: "bro si unipe time mpaka end month nitakulipa hio 14". Hakulipa mwisho wa mwezi. Lakini hilo jibu lilikuwa la maana kuliko pesa yenyewe wakati huo, kwa sababu amekubali kwa mkono wake kwamba anadaiwa na anadaiwa ngapi. Kabla ya hapo alikuwa anawaambia watu hawakuwahi kukubaliana nusu kwa nusu.

Tuma WhatsApp na meseji ya kawaida zote mbili. Usimweke kwa status, usiweke picha yake Facebook eti "tahadhari huyu ni mwizi wa kodi". Yeye ndio atakuja kukudai wewe sasa, kwa kumharibia jina.

Na usimpigie mamake saa nne usiku. Mzazi mpigie mchana, kwa heshima, mara moja. Wazazi wengi huku kwetu wanalipa aibu ikiwafikia kwa upole, na wanakataa kabisa ikiwafikia na makelele.

Nimripoti polisi?

Deni peke yake si jinai. Ukienda kituo cha polisi ukasema rumeti hajalipa kodi watakuambia ni mambo ya kiraia, na wako sawa. Wakikuambia wanaweza "kumshika shika kidogo" ili alipe, ukiombwa pesa ya mafuta, ondoka.

Tofauti ni pale pana udanganyifu: risiti za kughushi, M-Pesa feki, kuchukua pesa zako kwa kusema zinaenda kwa kodi huku akijua mkataba wa nyumba ulishafutwa. Kupata pesa kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu, na kughushi ni kosa pia. Hapo peleka ushahidi, chukua namba ya OB. Lakini jua polisi wakimshtaki kazi yao si kukurudishia pesa zako, hio bado utaidai kando.

Na chifu, au mzee wa kijiji?

Mimi ningeanza hapo, kwa kiasi kidogo kama elfu tano au kumi. Ni bure, ni karibu, na mtu anayemcheka landilodi mara nyingi hamcheki chifu wa nyumbani kwao. Chifu hana uwezo wa kuamuru mtu alipe kama korti, ila anaweza kuwakalisha chini, mkaandika makubaliano, mkasaini na mashahidi wawili. Hio karatasi baadaye ni ushahidi mzuri sana. Beba nakala yako uende nayo siku hiyohiyo.

Korti ya Madai Madogo ni nini na inafanyaje?

Ilianzishwa na sheria ya mwaka wa 2016 na ikaanza kazi Nairobi 2021, sasa iko Nakuru, Kisumu na Eldoret pia na inaendelea kusambaa. Inasikiza madai ya pesa mpaka shilingi milioni moja, kwa hivyo deni lako la elfu ishirini liko ndani kabisa na usiogope ati ni dogo sana, ndio maana ikaitwa hivyo. Kesi inafaa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili, unaongea mwenyewe, na unaongea Kiswahili chako.

Unaenda kwa rejista ya korti unauliza fomu ya madai madogo, karani anakuonyesha. Unajaza majina yako na yake, namba za simu, unadai ngapi na kwa sababu gani. Unalipa ada ya kufungua. Kisha mdaiwa lazima apelekewe hati, na hapa ndipo kesi nyingi za rumeti hufa, si kwa sheria bali kwa sababu hakuna anayejua ameenda kuishi wapi. Kwa hivyo kabla hujafungua kesi tafuta anafanya kazi wapi au anaishi wapi sasa. Marafiki wa pamoja wanajua, hata kama wanasema hawajui.

Siku ya kusikizwa beba agrimenti kama iko, statement ya M-Pesa na mistari ya kodi umeipigia kalamu, meseji zilizochapishwa kwa karatasi, barua ya landilodi au ajenti ikisema nani amelipa nini. Hii barua usiogope kuniomba au kumuomba ajenti wako, inachukua dakika kumi kuandika na inaokoa maneno mengi. Korti hii haijafungwa na zile sheria ngumu za ushahidi, lakini mwamuzi pale mbele bado ni binadamu, ukimwekea simu yenye meseji elfu mbili atafute mwenyewe hatafurahi. Mpangie kwa tarehe.

Tahadhari moja. Korti hii ni ya pesa. Ugomvi wa nani abaki kwa nyumba au nani atolewe hausikizwi hapo. Dai lako liwe hivi: nililipa pesa kwa niaba yake, anirudishie.

Ukishinda na bado halipi, unaomba utekelezaji, na hapo dalali anaweza kutumwa kwake au mshahara wake ukatwe. Kama hana kazi wala mali, utakuwa na karatasi nzuri ya korti na mfuko mtupu kwa muda. Nasema hivi mapema ili ujue ni nani unampeleka. Kumpeleka kortini mtu asiye na kitu ni gharama, mtu aliyeajiriwa kaunti au shuleni ni habari tofauti.

Anasema HELB (mkopo wa serikali wa wanafunzi) imechelewa, si ati hataki.

Inawezekana ni kweli, HELB huchelewa na landilodi wa karibu na vyuo wote wanajua. Ukweli wake haulipi kodi lakini unabadilisha unavyomdai. Mwambie aandike kiasi na kwamba atalipa ikiingia, na wakati huo alipe hata elfu moja kwa wiki kutoka kwa kibarua. Mtu anayelipa elfu moja kila Jumamosi bado ako na wewe. Yule anangoja pesa yote ije pamoja, ikija itakuta mambo mengine yanaingoja mlangoni.

Na mwende wote wawili kwa landilodi mkiwa na hio mpango. Akiona mmoja tu anafikiria mmetengana.

Ni mpenzi wangu / ni binamu yangu. Kuna tofauti?

Kwa landilodi hakuna. Kwa korti pia sioni. Tofauti iko Krismasi mkikutana nyumbani, na hio siwezi kukusaidia. Kama ulikuwa unamlipia kwa mapenzi bila kusema ni mkopo, itakuwa ngumu baadaye kusema ilikuwa mkopo.

Nikihama mimi kwanza, deni linaacha kunifuata?

Lile la miezi ulikuwepo, hapana. La miezi inayokuja linategemea kama umetoka vizuri. Kwa nyumba ya mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua ule muda wa kulipa, yaani mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi. Kwa maneno mengine usitoe notisi tarehe kumi na tisa ukitegemea kuondoka tarehe kumi na tisa. Iandike, itume kwa landilodi si kwa rumeti, na omba akujibu kwamba jina lako limetoka. Kama mlisaini pamoja, notisi yako peke yako inaweza kumaliza mkataba wa nyumba nzima, kwa hivyo mwambie rumeti pia, hata kama hamuongei. Kurudisha ufunguo piga picha ukimpa keateka.

Naweza kuingiza rumeti mwingine haraka alipe ile nusu?

Ya mbele ndio, landilodi akikubali. Deni la nyuma usimbebeshe. Nimeona mtu anaweka tangazo "natafuta rumeti Migosi, 6,500" bila kusema kuna miezi miwili haijalipwa, yule mgeni anaingia Jumamosi, kufuli inawekwa Jumatatu. Mwambie ukweli, mlete kwa ajenti, na safari hii kila mmoja awe na karatasi yake au kila mmoja awe analipa peibili na simu yake mwenyewe akiandika namba ya nyumba na jina lake.

Tokeni za stima, maji, takataka, Wi-Fi?

Weka kwa hesabu kama mlikubaliana, toa kama hamkukubaliana. Tokeni za mia mbili mia mbili usizikusanye zote za mwaka, chagua zile kubwa ulizo na meseji yake.

Deni hili linazeeka? Nisubiri apate kazi nimdai baadaye?

Madai ya mkataba kwa Kenya yana miaka 6 kabla ya kufungiwa. Kwa hivyo ndio, unaweza kusubiri amalize chuo. Lakini usingoje kukusanya ushahidi. Keateka hubadilishwa na huondoka na kitabu cha kodi, ploti inauzwa mwenyewe mpya hajui mlikuwa nani, simu inaibiwa kwa stendi ya matatu na meseji zote zinaenda nayo. Toa statement, chapisha meseji, omba ile barua kwa ajenti mwezi huuhuu, weka kwa bahasha, halafu ndio usubiri.